Kongowe ipi, Pemba ipi, Mbezi ipi? Barua ya wazi kwa wanaosimamia majina ya maeneo na anwani

Kwa:
Mawaziri wenye dhamana ya TAMISEMI, mawasiliano na uchukuzi. Wakurugenzi wa halmashauri. Wasimamizi wa posta, bandari, stendi na vituo vya simu za dharura.

Waheshimiwa,

YAH: MAENEO YENYE JINA MOJA NA NAMNA YA KUYAANDIKA YASICHANGANYWE

Sisi tunaowaandikia ni watu wa vifurushi, ramani na data za anwani. Hatuombi mahali popote pabadilishwe jina. Tunaomba jina la mahali lisitembee peke yake. Kwenye fomu, tiketi, lebo ya mzigo, kibao cha barabarani na kompyuta ya mtu wa zamu, liandamane na kitu cha pili kinacholitenga na wajina wake.

Tuanze na Kongowe. Moja iko Barabara ya Kilwa, ukishaipita Mbagala, pale inapochepuka njia ya Mjimwema na Kigamboni. Nyingine iko Kibaha, Barabara ya Morogoro. Dereva wa lori aliyeambiwa "kashushe Kongowe" ana njia mbili za kutokea jijini, na akichukua isiyo yake hagundui mapema, kwa sababu kila atakayemuuliza atamjibu kuwa amefika. Hapo ndipo penye tatizo lote. Jina lililokosewa herufi hukwama mahali fulani, mtu akashtuka na kuuliza. Jina lililoandikwa sawasawa, lakini la mahali pengine, hupita kila ukaguzi: karani analiona liko kwenye orodha, kompyuta inalikubali, kuli anapakia, na kosa linajulikana baada ya mzigo kushushwa.

Mbezi ni hivyo hivyo, ila karibu zaidi. Mbezi Beach inafikiwa kwa Barabara ya Bagamoyo na iko Kinondoni. Mbezi Luis, ilipo Stendi ya Magufuli iliyozinduliwa Februari 2021, iko Barabara ya Morogoro, Wilaya ya Ubungo. Kiutawala mambo yanazidi kuchanganya, maana Ubungo ina kata iitwayo Mbezi tu, na Kinondoni ina kata iitwayo Mbezi Juu. Kabla Ubungo haijamegwa kutoka Kinondoni, pande zote mbili zilikuwa wilaya moja. Kwa hiyo nyaraka za zamani zilizoandikwa "Mbezi, Kinondoni", ziwe za kiwanja, za mkopo au za hospitali, zinaweza kumaanisha popote kati ya hapo, na hakuna ujanja wa kompyuta utakaozitatua bila namba ya kiwanja au jina la mtaa. Mwenyeji hana shida, anasema "Mbezi ya Kimara" na wenzake wanamwelewa. Anayepotea ni mgeni aliyekata tiketi kutoka Songea na kuambiwa na ndugu yake, "ukishuka Mbezi nipigie."

Majina ya mtaani nayo yana vituko vyake. Katika njia ya mwendokasi ya Kimara, abiria anapita vituo vya Korogwe, Kibo, Argentina na Kagera kwa nauli moja. Kwa anayepanda kila siku hilo halina neno. Lakini programu ya simu ikipewa neno "Korogwe" bila mkoa, italeta kituo cha basi cha Dar es Salaam na mji wa Tanga kwa pamoja, na anayekata tiketi haraka hubonyeza cha juu.

Majengo ipo Dodoma, ipo Moshi, ipo Mombasa, ipo Nairobi. Kaloleni ipo Arusha, Moshi, Nairobi na Kaunti ya Kilifi. Chanika ya Ilala inajulikana, na Mji wa Handeni nao una Chanika yake. Orodha hii ni ndefu na hatuimalizi hapa, kwa sababu kuwa na wajina si kosa. Majina husafiri na watu na historia yao: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, na kulifuta mojawapo ili orodha ipendeze kungekuwa ujinga. Matatizo yanaanzia kwenye kuandika.

Mahali pa kwanza pa kurekebisha pako ndani ya ofisi zenu wenyewe, kwenye ngazi za utawala zinazorithishana jina. Kinondoni ni wilaya na ni kata. Temeke, Ilala, Ubungo na Kigamboni vivyo hivyo. Mwaka 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ilipandishwa ikawa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo "Dar es Salaam" kwenye safu ya mkoa ni eneo lote lenye wilaya tano, na "Dar es Salaam" kwenye safu ya halmashauri ni Ilala peke yake. Mchambuzi akichukua jedwali la idadi ya watu la mkoa na kuliunganisha na jedwali la vituo vya afya la halmashauri kwa kutumia jina, anagawa vituo vya wilaya moja kwa watu wa wilaya tano. Hesabu inatoka, grafu inachorwa, na hakuna herufi nyekundu inayomwonya. Tumeona majedwali ya aina hiyo yakizungushwa ofisini bila mtu kuinua kichwa.

Halmashauri pacha ni mtego mwingine. Kibaha kuna halmashauri ya mjini na Halmashauri ya Wilaya. Korogwe, Handeni na Kasulu kuna Halmashauri ya Mji na ya Wilaya, na Moshi ina Manispaa na Halmashauri ya Wilaya. Mtu akiandika "Moshi" kwenye barua ya uhamisho, hati ya malipo au zabuni, ameacha ofisi mbili zenye mkurugenzi tofauti na akaunti tofauti zikingoja barua moja. Waraka mfupi tu unatosha hapa: neno Mji, Manispaa, Jiji au Wilaya ni sehemu ya jina, si pambo, na hati isiyo nalo irudishwe kwa mwandishi. Tena neno hilo liandikwe namna moja. Jedwali lenye "Moshi MC", "Moshi Manispaa", "Manispaa ya Moshi" na "Moshi (M)" lina halmashauri nne kwa macho ya kompyuta.

Tukae kidogo kwenye kompyuta, maana ndiko makosa yanakozaliwa siku hizi. Ukitumia VLOOKUP kwenye Excel kutafuta "Majengo", inakuletea Majengo ya kwanza iliyoikuta kwenye orodha, inanyamaza, na inaendelea. Haisemi kwamba ziko nyingine chini. Kata zote za Majengo katika faili lako zitapewa takwimu za ile moja iliyotangulia kwenye orodha. Dawa yake ni kutounganisha majedwali kwa jina hata siku moja. Unganisheni kwa msimbo. Kama msimbo haupo, tengenezeni safu moja yenye mkoa, halmashauri na kata kwa mfuatano, kisha hesabuni kila mchanganyiko umetokea mara ngapi kabla ya kuunganisha. Wowote uliotokea zaidi ya mara moja usimamishe kazi mpaka ujulikane.

Halafu kuna ritifaa. Chang'ombe ipo Temeke na ipo Dodoma, basi tayari ni wajina. Lakini kila moja inaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, kwa ritifaa iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, au bila ritifaa kabisa: Changombe. Kwa mtu ni jina moja. Kwa mfumo wa kutafutia ni majina matatu, na ukizidisha kwa mikoa miwili unapata sita. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Unatafuta Chang'ombe ya Temeke, iliyohifadhiwa kwa ritifaa iliyopinda, mfumo hauioni, unakuletea ile ya Dodoma kwa sababu karani wa huko alitumia iliyonyooka. Chagueni alama moja, iandikwe kwenye mwongozo, na mfumo uibadilishe yenyewe wakati wa kuingiza data. Wakati wa kutafuta, mfumo upuuze ritifaa, nafasi na herufi kubwa. Hilo la herufi kubwa lina kichekesho chake: Usa River ya Arusha ikipita kwenye fomu inayogeuza kila kitu kuwa herufi kubwa inatoka USA RIVER, na sasa kazi ni kumwelewesha mchambuzi wa mizigo aliye nje kwamba mto huo hauko Marekani.

Mito nayo isisahaulike, kwa sababu tahadhari za mafuriko hutolewa kwa jina la mto. Ruvu moja inapita Morogoro na Pwani na kumwaga maji Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Ndiyo yenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayolisha Dar es Salaam. Ruvu nyingine iko Kilimanjaro, inakutana na Kikuletwa kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yanayotoka hapo ndiyo Mto Pangani. Tangazo la redio linalosema "wakazi wa kando ya Mto Ruvu wahame" linawahusu watu gani? Litaje bonde: Bonde la Wami/Ruvu au Bonde la Pangani, kisha wilaya. Songwe ni hivyo hivyo. Upo Mto Songwe wa mpaka wa Malawi unaoingia Ziwa Nyasa, na upo Mto Songwe unaotiririkia Ziwa Rukwa. Juu ya hayo, Mkoa wa Songwe ulioanzishwa 2016 una makao makuu Vwawa, wakati Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Msafiri mwenye shughuli Vwawa anayeona "Songwe" kwenye tiketi anadhani akishuka amefika, kumbe bado ana safari ya barabara mbele yake. Wenye ndege waandike Songwe–Mbeya, kote, hata kwenye ujumbe wa simu.

Sasa tuvuke mipaka, na hapa Pemba inastahili nafasi ya kutosha. Pemba ya Zanzibar ni kisiwa. Pemba ya Msumbiji ni mji wa bandari, makao makuu ya Jimbo la Cabo Delgado, ambao enzi za Wareno uliitwa Porto Amélia. Ipo na Pemba ya tatu, mji wa Jimbo la Kusini nchini Zambia, ila hiyo haina bahari na haitusumbui sana. Hizi mbili za kwanza ziko pwani moja, zimetengana karibu nyuzi 8 za latitudo, yaani zaidi ya kilomita 800. Zote zina bandari, zote zina uwanja wa ndege, na hata lugha haisaidii kutofautisha, kwa sababu Kimwani cha pwani ya Cabo Delgado ni ndugu wa karibu wa Kiswahili.

Wakala aliyeko Dubai au Muscat akipokea maagizo ya "Pemba" ana haki ya kuuliza ni ipi, na asipouliza kosa si lake peke yake. Njia ya kulimaliza hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: kisiwa si bandari. Hati ya shehena iandike jina la bandari yenyewe, Mkoani au Wete, ifuatiwe na Pemba, kisha Zanzibar, kisha Tanzania. "Mkoani, Pemba, Zanzibar, Tanzania" haina mshindani popote. Kwa ndege, mtumiaji asome herufi tatu za uwanja: PMA ni Pemba ya Zanzibar, POL ni Pemba ya Msumbiji, na hiyo POL imebaki na sauti ya Porto Amélia. Fomu za forodha na za posta zikatae neno Pemba lisilo na nchi. Zikilikataa mara ya kwanza, mteja atalijaza mara ya pili. Zikilikubali, litarudi na gharama ya meli.

Wala si mizigo tu. Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, na tangu mashambulizi ya waasi yalipoanza jimbo hilo Oktoba 2017, neno Pemba limekuwa likitajwa mara kwa mara kwenye habari za dunia. Jamaa wa Wapemba walioko Ulaya na Ghuba wanasoma kichwa cha habari kuhusu wakimbizi kuwasili Pemba na simu zinaanza kulia Chake Chake. Mgeni aliyelipia hoteli ya kisiwani naye anaanza kuuliza kama atarudishiwa pesa. Vyombo vya habari vya umma viwekewe sharti la kutaja "Pemba, Msumbiji" katika sentensi ya kwanza, si ya tano.

Kilwa ya Lindi ina wajina wake Kongo, mji wa Kilwa kando ya Ziwa Mweru, Haut-Katanga, ambako pia watu wanazungumza Kiswahili. Kilwa yetu yenyewe ni tatu: Masoko, Kivinje na Kisiwani, na yenye magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 ni Kisiwani, pamoja na Songo Mnara. Malindi ni mji wa Kenya na ni sehemu ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kisauni iko Mombasa na iko Unguja jirani na uwanja wa ndege. Makadara iko Mombasa, Nairobi na Unguja. Mlima Meru uko Arusha. Hifadhi ya Taifa ya Meru iko Kenya. Pangani ni mto na mji mkoani Tanga, na ni mtaa wa Nairobi.

Miji ya mpakani ni kundi lake. Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Rusumo na Moyale zote zina upande wa huku na upande wa kule kwa jina lile lile, na dereva anayeambiwa "gari lipo Busia" hajui kama limeshavuka au linasubiri. Huko msitegemee maelezo marefu. Herufi mbili za nchi zinatosha: Busia KE, Busia UG, Namanga TZ. Ziandikwe kwenye kila taarifa ya lori na kila stakabadhi ya kutuma pesa.

Yako pia majina ambayo si mamoja ila yanakaribiana kiasi cha kudanganya sikio au kidole. Songea na Songwe kwenye simu yenye kelele. Kilindi ya Tanga na Kilindini ya Mombasa. Bukoba na Bukavu, ambazo viwanja vyake vina misimbo BKZ na BKY. Kwenye kibodi za Kijerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, kwa hiyo wakala wa Ujerumani aliyezoea kibodi yake na leo ameketi kwenye ya mwenzake anaweza kumpeleka mtu Kongo badala ya Kagera kwa kidole kimoja. Kigali ni KGL na Kitale ni KTL. Msimbo unasaidia, lakini anayeuandika lazima autamke pamoja na jina na nchi ili msikilizaji apate nafasi ya kusema, "hapana, siyo hiyo."

Wenzetu wa nje wameliishi hili muda mrefu. Wajerumani wanaandika Frankfurt am Main na Frankfurt (Oder), kila moja kwa jina la mto wake. Waingereza wana Newcastle upon Tyne na Newcastle-under-Lyme. Marekani iliunda bodi ya majina ya kijiografia mwaka 1890, kisha 1963 ikaleta namba za posta za ZIP. Japani majiji mawili kubeba jina moja ni jambo la nadra, ila Fuchū ipo Tokyo na ipo Hiroshima, na Date ipo Hokkaido na Fukushima. Hata hivyo watu hupotea bado: mwaka 2002 vijana wawili wa Uingereza waliokuwa wakienda Sydney ya Australia walishuka Sydney ya Nova Scotia, Kanada. Tiketi zao zilikuwa halali kabisa.

Turudi nyumbani. Mfumo wa Anwani za Makazi na Postikodi, uliosukumwa kwa nguvu mwaka 2022 kuelekea Sensa ya 23 Agosti, umeshatupa chombo tunachokihitaji. Postikodi ina tarakimu tano: kwa mpangilio wake wa kawaida ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho ni kata, au shehia kwa Zanzibar. Kongowe ya Kibaha inaanza na 61, ya Dar es Salaam inaanza na 1. Zanzibar yote inaanza na 7. Kinachokosekana ni mazoea ya kuitumia. Namba ya nyumba bila jina la barabara haina maana, na jina la barabara bila postikodi halina maana pia, kwa sababu kila kata ina barabara ya Msikitini, ya Shuleni na ya Sokoni.

Kwa hiyo lebo ya kifurushi iende hivi, kutoka kidogo kwenda kikubwa: jina la mpokeaji na simu, namba ya nyumba na barabara, mtaa au kijiji, kata pamoja na postikodi, wilaya, mkoa, nchi. Mchambuzi wa mizigo huisoma kutoka chini kwenda juu, na akifika kwenye kata mzigo tayari uko kwenye rundo sahihi. Kwa mizigo ya mabasi, ambayo ndiyo mingi, watu huandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi: jina, simu, mji. Wekeni sharti dogo tu la mstari wa nne wenye wilaya na barabara kuu, na maandishi yawe pande mbili za boksi, kwa maana upande mmoja hukaa chini au hufunikwa na gundi. Konda anashusha usiku kwa tochi ya simu, tena gari linaunguruma. Hana muda wa kugeuza boksi.

Kenya kuna tofauti inayotukwaza tunapotumiana mizigo. Postikodi yao inafuata ofisi ya posta, si kata, na nyingine zinaanza na sifuri: 00100 ni Nairobi, 80100 Mombasa, 80200 Malindi. Excel ikiichukua 00100 kama namba inaiacha 100. Safu hiyo ipangwe kuwa maandishi kabla ya kubandika data. Ukishabandika, sifuri zimekwenda na itabidi mtu azirudishe baadaye.

Kwa mahali pasipo na barabara yenye jina, tumieni latitudo na longitudo. Desimali nne zinakupeleka ndani ya kama mita 11, na hizo zinatosha kuona nyumba. Lakini wafundisheni watu mambo mawili. Kwanza, alama ya kutoa isipotee: Dar es Salaam ni karibu -6.8, 39.28, na bila alama hiyo umehamia Ethiopia. Pili, latitudo itangulie. Ukizigeuza unatua Uhispania. Mfumo uweke mipaka ya nchi na ukatae chochote kilicho nje yake palepale, wakati mtu bado yuko mbele ya kioo.

Vituo vya simu za dharura, 112 na 114, vinahitaji utaratibu mkali kuliko wote. Mpokea simu asiulize, "Ni Mbezi ya Kimara?" Mtu ambaye nyumba yake inaungua ataitikia ndiyo kwa chochote. Aulize swali lisilobeba jibu: uko karibu na barabara kuu gani, daladala za hapo zimeandikwa kutoka wapi kwenda wapi, unaona shule, msikiti, kanisa au kituo gani cha mafuta. Kisha amsomee mpigaji kata, wilaya na barabara, asikilize. Mfumo wake unapoonyesha wajina, rangi ya mstari ibadilike ili akumbushwe kuuliza. Na kama utata haujaisha ndani ya dakika moja, vituo viwili vyote vipewe taarifa, kimoja kirudishwe baadaye. Mafuta ya gari lililorudi njiani ni nafuu.

Upande wa majina mapya, ndipo mnapoweza kuzuia matatizo ya kesho bila gharama. Kata na vijiji vinapogawanywa, majina yale yale hurudi: Uhuru, Muungano, Azimio, Umoja, Amani. Hatuyapingi. Tunaomba kanuni mbili. Ndani ya halmashauri moja, jina la kata, kijiji au mtaa lisirudiwe, na ndani ya postikodi moja jina la barabara lisirudiwe. Kabla halmashauri haijapitisha jina, afisa aliangalie kwenye daftari la taifa na aweke kwenye muhtasari wa kikao orodha ya wajina aliowakuta. Wakiamua kuendelea nalo, basi wameamua wakijua, na kitambulisho cha ziada, kama Juu, Chini, Mashariki au jina la mto, kipitishwe siku hiyo hiyo.

Daftari hilo liwe wazi kwa umma, liwe faili la kupakua, si picha ya karatasi iliyochanganuliwa. Kila mahali pawe na msimbo wa kudumu, jina rasmi, majina mengine ya zamani na ya mtaani, aina yake (mto, kata, kijiji, mtaa, kituo), mkoa, halmashauri na kata, latitudo na longitudo, tarehe jina lilipoanza kutumika na tarehe lilipokoma. Msimbo ukishatolewa usipewe mahali pengine kamwe. Kata ikigawanywa, wa zamani ustaafu na mbili mpya zipewe ya kwao, la sivyo takwimu za 2022 na za sensa ijayo zitaonyesha watu wamepungua nusu mahali ambapo hakuna aliyehama.

Tunaomba toleo la kwanza la faili hilo, hata kama lina mapengo, litolewe kabla ya ugawaji mwingine wa kata na vijiji kutangazwa. Mapengo tutawasaidia kuyajaza. Makosa tunayokutana nayo kazini tuko tayari kuyaleta kwa safu na mstari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wafanyakazi wa vifurushi, ramani na data za anwani

Nakala:
Waratibu wa anwani za makazi wa mikoa
Wenye mabasi na mawakala wa mizigo
Wahariri wa vyumba vya habari